Nisalimie Kanisa

Kila Jumapili asubuhi, nyumbani kwa Festo pale Kigwa, mambo yalikwenda vilevile. Levina, mkewe, alipiga pasi shati jeupe. Festo alipiga viatu rangi mpaka vikawaka. Kisha alichungulia chumbani kwa mama yake, Bibi Nyamizi, kumuaga.

"Mama, sisi tunatoka."

"Haya, baba. Nisalimie kanisa."

"Kanisa linasalimiwaje, mama? Nikaupe ukuta mkono?"

Bibi alitabasamu tu, hakumweleza.

Festo alikuwa fundi seremala, tena mzee wa kanisa katika Kanisa la Moravian. Kenchi za paa la kanisa alizipiga kwa mikono yake. Watu waliposema, "Kanisa letu zuri," yeye alitazama juu kwenye mbao. Usimlaumu sana. Fundi na kazi yake hawaachani.

Bibi Nyamizi naye alikuwa ameteleza kisimani masika iliyopita, akavunjika nyonga. Tangu siku hiyo hakutembea. Kwenye baiskeli hakuweza kukaa, na pikipiki ndiyo kabisa. Kanisa lilikuwa ng'ambo ya reli, na njia ilijaa makorongo. Basi alibaki na redio yake. Mchungaji alipokuja kutoa Meza ya Bwana, yaani ule mkate na kikombe cha kumkumbuka Yesu, alimletea Bibi kitandani ibada ilipokwisha. Aliomba naye, akampa, akaondoka mbiombio. Vijiji vingine vilikuwa vinamngoja.

"Mkate naletewa," Bibi alimwambia Levina siku moja. "Watu ndio siletewi."

Levina aliyaweka maneno hayo moyoni. Festo hakuyasikia, alikuwa uani anapiga randa.

Sasa, Jumapili ya Meza ya Bwana ilikuwa imekaribia. Bibi alikuwa amedhoofu sana, chakula alionja tu. Lakini siku hiyo aliiulizia kila alipoamka. Macho yake yalikuwa yanaingoja.

Alhamisi mchana ukaja upepo. Si upepo wa kupeperusha kanga kwenye kamba, la. Uliingia chini ya paa la kanisa, ukaling'oa, ukalitupa shambani kwa watu. Bati zikakunjamana. Kenchi za Festo zikavunjika. Festo alikimbia kuvuka reli, akafika, akasimama katikati ya kuta anatazama mawingu. Machozi yakamtoka, mtu mzima mbele ya watu.

Pale pale akampigia simu Mchungaji.

"Mchungaji, usije Jumapili. Kanisa limeanguka."

"Poleni sana. Basi Jumapili nitakuwa Igalula. Tutapanga siku nyingine."

Jioni Festo akampa mama yake habari. "Meza ya Bwana itangoja tuezeke upya, mama."

Bibi akageukia ukutani. "Hizo bati mpya, baba, mimi sitaziona."

Levina alitoka nje akajifanya anachochea moto.

Ijumaa asubuhi akaja Mwinjilisti Shigela. Huyu ndiye anayewahudumia Wakristo wa Kigwa siku zote Mchungaji asipokuwepo. Alimkuta Festo amekaa kwenye kigoda, chai imepoa mbele yake.

"Nasikia umempigia Mchungaji kwamba kanisa limeanguka," Shigela alisema.

"Ndiyo. Hujaliona?"

"Nimetoka kuliona sasa hivi. Mama Advera nimemkuta anapepeta mpunga. Wale vijana wa matarumbeta nimewakuta wanang'arisha vyombo vyao. Levina huyu hapa amesimama wima. Sasa lililoanguka ni kanisa gani?"

Levina aliangua kicheko, akajiziba mdomo kwa kanga.

"Mwinjilisti, leo sina utani," alisema Festo.

"Wala sikutanii." Shigela akavuta kigoda, akaketi. "Lililoezuliwa ni jengo. Tunaliita kanisa kwa sababu kanisa linakusanyika humo. Lakini kanisa lenyewe ni watu. Ni watu ambao Mungu amewaita, wakamwamini Yesu, wakabatizwa, wakawa wake. Bati halibatizwi, Festo."

"Kwa hiyo jengo halina kazi?"

"Lina kazi, na wewe ndiye utakayeliezeka. Lakini Yesu hakufa kwa ajili ya kenchi. Hebu jiulize, Injili ilifikaje huku Unyamwezi? Ilikuja kwa miguu, kwa njia ya misafara, walikopita wapagazi. Walioileta hawakubeba paa kichwani. Walikaa na watu, wakasali, wakafundisha. Watu wakaamini. Kanisa likawepo kabla ya tofali la kwanza."

Festo alikuna kichwa. Jambo hilo hakuwahi kulifikiria.

"Basi watu hao wanakusanyika ili iweje?" aliuliza. "Maana kusali, hata nyumbani nasali."

"Hapo umeuliza. Tunakusanyika tumwabudu Mungu pamoja, tulisikie Neno lake, tule Meza moja. Tukishapata nguvu, tunatumwa. Tupeleke habari njema, tumsaidie mwenye shida, awe Mkristo au asiwe. Kristo ni kichwa, sisi ni mwili wake. Mmoja ni mkono, mwingine ni mguu. Kiungo kimoja kikiumwa, mwili mzima haulali."

"Na asiye na miguu?"

Sauti hiyo ilitoka chumbani. Wote wakageuka.

"Shikamoo, Bibi," alisema Shigela.

"Marahaba. Nijibu kwanza."

"Asiye na miguu, Bibi, miguu yetu ni yake."

Bibi akapaza sauti zaidi. "Basi miguu yangu hiyo, mbona hainifikii?"

"Tumekosa, Bibi," alisema Mwinjilisti. Kuhusu Festo, acha tu. Maneno yalimwingia mpaka ndani. Nisalimie kanisa. Kumbe kila Jumapili alikuwa anatumwa kwa watu, na yeye anatazama kenchi. Salamu za mama yake hakuzifikisha hata mara moja. Aliona aibu.

Alisimama ghafla, kigoda kikaanguka.

"Levina, uwanja wetu unatosha watu wangapi?"

"Wote," Levina alijibu, kama mtu aliyekuwa anangoja kuulizwa tu.

Festo akachukua simu, akampigia Mchungaji. Haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. "Nitamfuata mwenyewe," alisema, naye Shigela akaondoka kuwaarifu watu waje uwanjani Jumapili. Lakini kwanza alikwenda kanisani, akaokota mbao nzima nzima za paa. Mchana kutwa alipiga msumeno na randa, anaimba. Akaunda kiti chenye mgongo wa kulalia, asije mtu akaumia nyonga. Mbele na nyuma akakitia mipini mirefu ya kubebea. Levina akashona mto wa sufi wa kukalia.

Jumamosi alipanda baiskeli, akashika njia ya kando ya reli mpaka Igalula. Alimkuta Mchungaji amefika, anakunywa maji.

"Mchungaji, nilikudanganya bila kujua. Kanisa la Kigwa ni zima. Lililoanguka ni paa."

Mchungaji alicheka kwa furaha, kisha akawaza. "Hapa nimeshawaahidi ibada ya asubuhi. Nikimaliza nitapanda pikipiki, nije kwenu. Kama nitawahi, sijui. Ninyi anzeni. Msinisubiri mimi ndipo muwe kanisa."

Jumapili uwanja wa Festo ulifagiliwa mapema. Jirani yao Mwanahawa, muuza vitumbua, alikuja na mikeka begani. Mwanahawa ni Mwislamu, na Bibi ni rafiki yake wa siku nyingi.

"Nimesikia mna wageni," alisema. "Mikeka yangu ikae imekunjwa kwa nini? Na vitumbua nakaanga, wasije wakarudi na njaa."

Festo na Levina walimtoa Bibi nje, wakamketisha kwenye kiti kipya. Alikuwa amevaa kitenge chake cha sikukuu. Alijinyoosha, akapapasa mbao.

"Hakiumi," alisema.

Mara, kutoka ng'ambo ya reli, yakalia matarumbeta. Kwanza kwa mbali, kisha karibu, kisha karibu zaidi, ngoma ikipiga chini yake. Bibi akashika mkono wa Levina.

"Levina, hiyo nini?"

"Kanisa, mama. Linakuja."

"Linakuja kwa nani?"

"Linakuja kwako."

Wakatokea. Vijana wa matarumbeta mbele, kina mama na watoto mgongoni, wazee na fimbo zao, wote wanaimba, vumbi limewapanda mpaka magotini. Uwanja ukajaa. Bibi alilia waziwazi, na hakujifuta.

Shigela akaongoza ibada. Waliimba, waliomba, walisikia Neno. Jua likapanda kichwani. Festo alikuwa anaitazama njia. Mchungaji hakuonekana. Wakaimba tena. Festo akaitazama njia tena. Je, mama yake angekaa hapo mpaka saa ngapi?

Ndipo pikipiki ikasikika. Mchungaji alishuka mweupe kwa vumbi, hata nyusi. Alinawa, akavaa joho, akatandika Meza juu ya benchi la useremala la Festo. Bibi Nyamizi akala mkate na kukinywea kikombe, kulia kwake mtu, kushoto kwake mtu.

Ibada ilipokwisha, Festo alipiga goti mbele ya kiti.

"Mama, zile salamu zako sikuwahi kuzifikisha."

"Najua, baba. Ungezifikisha, wangekuwa wamekuja."

Paa liliezekwa tena kabla ya mvua. Safari hii Festo alizifunga kenchi kwa vyuma, upepo usimchezee. Bibi hata bati mpya aliziona, maana tangu siku ile alianza kula, mwili ukarudi. Kila Jumapili watu wanne humbeba kwa kiti chake kuvuka reli, kwa zamu. Watu wanagombania zamu hiyo, usiambiwe. Ukimwona Bibi juu ya kiti anavyosalimia kushoto na kulia, utadhani anagombea udiwani.

Jumapili moja, wakati wa kurudi, alipiga mpini kwa kiganja.

"Simameni. Leo haturudi moja kwa moja."

"Tunakwenda wapi, mama?" Festo aliuliza, jasho linamtoka.

"Kwa Apolinaria. Anaumwa, hatoki ndani, na hakuna aliyefika kwake. Kata kulia."

Wakakata kulia. Mlangoni Festo alipiga hodi.

"Nani?" sauti dhaifu iliuliza kutoka ndani.

Festo alimtazama mama yake, kisha akageukia mlango.

"Ni kanisa," alijibu. "Tumekuja kukusalimia."