Sinia la Mwalimu Zahoro

Habari hii nilipewa na marehemu shangazi yangu Mwamini, tukimenya mihogo ya kuanika kule Vihingo, mwaka ule nilipokuwa na mimba ya mwanangu wa kwanza. Aliisimulia polepole, akisita kila alipofika mahali panapouma, nami nitaisimulia vivyo hivyo.

Ninyi siku hizi mkitaka nakala mnakwenda kwa mtu wa fotokopi. Mashine inamulika mwanga, wino wa unga unang'ang'ania pale tu penye maandishi, unapigwa joto, na karatasi inatoka ya moto kama chapati. Enzi za Mwingereza, katika shule moja ya Kisarawe, hakukuwa na mashine hiyo wala umeme wa kuiwasha. Kulikuwa na sinia.

Sinia lenyewe lilikuwa la bati. Mwalimu Zahoro aliyeyusha humo gundi ya ngozi ya ng'ombe, sukari na gliserini, akaacha vigande vikawa laini na vyenye kunata. Alipotaka nakala, aliandika kwenye karatasi kwa wino wa zambarau, akailaza kifudifudi juu ya ule mgando na kusubiri. Akiibandua, maandishi yote yamebaki kwenye sinia, yamegeuka kinyume. Kila karatasi nyeupe aliyoilaza hapo iliinuka na maandishi yaliyosomeka sawasawa. Ya kwanza ilikolea, ya arobaini ilifanana na moshi.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuliosha sinia kwa maji ya uvuguvugu kabla wino haujazama. Kazi hiyo alipewa Tatu, msichana wa darasa la nne, kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi na mdomo wake mzito. Vidole vyake havikuisha rangi.

"We Tatu, zambarau unazokula peke yako mti wake uko wapi?" Mashaka alimtania kila asubuhi wakipanga mstari.

"Nyumbani kwenu, hujauona?" Tatu alijibu, na wote wakacheka.

Aliyecheka zaidi siku zote alikuwa Mwanakheri, binti wa mama mdogo wa Tatu. Alitoka Vihingo kuja kusoma Kisarawe, akakaa kwao Tatu. Walilala mkeka mmoja, wakajifunika kanga moja, na shuleni waliketi dawati moja. Tatu alikuwa na penseli ya kawaida. Mwanakheri alikuwa na penseli ya wino, ile unayoilamba ikaandika zambarau, aliyopewa na baba yake. Darasa zima hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Kwa penseli hiyo aliandika Bismillahi kwa herufi za Kiarabu juu ya kila ukurasa wa daftari lake, hata kurasa ambazo hazijaandikwa kitu.

Mwaka huo ilitoka nafasi moja tu ya msichana kwenda darasa la tano, shule ya kati ya bweni. Mtihani ndio ungechagua. Tatu aliitaka nafasi hiyo hadi akawa anaiota. Hakujua kwamba mwenzake wa mkeka mmoja anaiota pia.

Jumatano alasiri Mwalimu Zahoro alimaliza kutoa nakala za mtihani, akazifungia sandukuni. Akamwita Tatu aoshe.

"Naenda kusali. Sinia hili usiliache hata kidogo, umesikia?"

"Nimesikia, Mwalimu."

Alipotoka, Mwanakheri akachungulia mlangoni. "Bado tu? Mama anatungoja tutwange."

Tatu akatia kidole kwenye ndoo. Maji yalikuwa yamepoa, na maji baridi hayautoi wino ule.

"Nenda kachukue ya moto kwa mke wa Mwalimu," Mwanakheri akasema. "Mimi nitakaa hapa. Kwani sinia litakimbia?"

Tatu akaenda. Aliporudi alimkuta Mwanakheri amesimama palepale, mikono nyuma. Akaosha haraka haraka, akisugua katikati penye maswali. Pembezoni hakugusa, maana pembezoni hapakuwa na maandishi siku zote.

Siku ya pili, kabla ya mtihani kugawiwa, Mwalimu Zahoro alikuwa akipita kati ya madawati. Akainama chini ya dawati la Tatu na Mwanakheri, akachomoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Yalikuwa maswali yote kumi, kwa rangi ya zambarau iliyofifia. Kichwa cha karatasi kilikuwa kimechanwa.

"Ya nani hii?"

Tatu akageuka kumtazama Mwanakheri, akidhani watashangaa pamoja. Mwanakheri alikuwa ameshasimama.

"Mwalimu, mimi sinia silijui. Anayeliosha ni Tatu. Hata vidole vyake vinaonekana."

Shangazi alipofika hapa aliweka kisu chini. Alisema Tatu hakulia. Alihisi kama mtu aliyeegemea ukuta wa nyumba yao wenyewe, ukuta ukaondoka. Alitaka kusema, "Wewe ndiye uliyebaki nalo," lakini kusema hivyo ni kukiri kwamba aliliacha sinia. Akanyamaza, na kunyamaza kwake kukaonekana ni kukubali. Mtihani ukaahirishwa. Jina lake likapigwa mstari, akaambiwa kesho aje na mzazi.

Nyumbani mama yake, Bi Biubwa, alimsikiliza mpaka mwisho huku akipepeta mchele. Mwanakheri alikuwa amejilaza ameelekea ukutani.

"Uliliacha sinia?"

"Niliacha, mama. Nilifuata maji."

"Mwalimu umemwambia?"

"Hapana."

"Basi kesho uanze na lako, kabla ya la mwenzio."

Ijumaa asubuhi Tatu alisimama mbele ya Mwalimu, mama yake nyuma yake, na darasa zima linasikia.

"Shikamoo, Mwalimu. Niliacha sinia nikafuata maji ya moto. Ulinikataza, nikaacha. Karatasi sikutoa mimi."

"Nani alibaki?"

Tatu akatazama chini. "Mwanakheri."

"Mwongo!" Mwanakheri akapaza sauti. "Ananisingizia!"

Mwalimu Zahoro aliitazama ile karatasi iliyochanwa kichwa, kisha akalileta sinia mezani. Akachukua karatasi nyeupe, akailaza juu ya mgando, akaikandamiza kwa kiganja kuanzia juu mpaka chini. Wakasubiri. Alipoibandua, katikati palikuwa na vivuli vya maswali tu, lakini pembeni juu, pale Tatu asiposugua, palikuwa na mstari mmoja wa Kiarabu, umekolea: Bismillahi.

"Mimi sikuandika hili," Mwalimu akasema. "Na risasi ya penseli ya kawaida hainati kwenye sinia. Penseli ya wino inanata. Aliyelaza karatasi ya daftari lake hapa alichukua maswali, akaliachia sinia Bismillahi yake. Kisha akakichana kichwa cha karatasi, maana hakuthubutu kuweka maneno hayo chini penye miguu. Mtu huyo hawezi kuwa amekitupa."

Macho yote yalikwenda kwenye penseli iliyokuwa juu ya dawati. Mwanakheri akainuka, akatoa juzuu yake ya Kurani mkobani. Ndani yake mlikuwa na kipande cha karatasi, na mchano wake ukaingia sawasawa kwenye ule mwingine.

"Niliogopa kuiweka chini," akasema akilia.

"Karatasi uliionea huruma," Mwalimu akamjibu taratibu. "Ndugu yako hukumwonea."

Maswali mapya yaliandikwa, na Jumatatu mtihani ukafanywa. Jina la Tatu lilirudishwa, na nafasi ile akaipata. Mwanakheri hakuruhusiwa kufanya, akarudia darasa. Na Tatu naye akanyang'anywa kazi ya sinia mpaka shule ilipofungwa, kwa kuliacha.

Lakini mchana ule wa Ijumaa hayo yote yalikuwa bado hayajajulikana. Mvua ilikuwa ikipiga makuti ya nyumba yao. Bi Biubwa aliwaketisha wote wawili.

"Mwanakheri, kosa ulilificha kwenye karatasi tu, ukadhani umelimaliza. Pembeni mwa sinia lilibaki. Uongo ndivyo ulivyo. Nawe Tatu, ungesema ukweli wako jana, usingelala na jina la mwizi. Kusema kosa lako dogo ndiko kulikokuokoa leo."

"Nisamehe, Tatu," Mwanakheri akasema.

Tatu akamtazama mama yake.

"Sikulazimishi," mama akasema. "Jeraha bado bichi. Ila chakula mtakula sahani moja, na matusi sitaki kuyasikia."

Wakala. Mwanakheri alijilaza mkekani akalia mpaka usingizi ukamchukua. Mama naye akasinzia, ungo ukiwa mapajani. Tatu alitandika mkeka mwingine peke yake upande wa pili wa chumba. Kanga yao moja aliiacha kwa Mwanakheri. Akaviangalia vidole vyake vya zambarau, akavificha kwapani kwa baridi, akasikiliza mvua, mpaka naye akalala.