Tangi Tupu la Tingatinga

Trela lilikuwa limeshawashwa. Juu yake lilikaa tingatinga, limefungwa minyororo huku na huku. Dereva wake, Taratibu, aliyeliendesha miaka tisa, alikuwa kibandani anakunja godoro. Msimamizi alishasema: mashine ikirudishwa karakana, na kazi ya Taratibu imekwisha.

Kosa lake? Ni yeye aliyeomba wajaribu dizeli ya mimea, ile inayotengenezwa kwa mafuta ya mbegu. Moshi wake haukumbana sana kifua. Siku ya nne tingatinga likazimika mara tatu.

"Nilisema mimi!" msimamizi alifoka. "Mashine si kikaango!"

Pikipiki ikaingia getini, ikasimama mbele ya trela. Akashuka fundi mitambo, mdogo wake mke wa Taratibu.

"Shemeji, unakimbia bila kuaga?"

"Sikimbii, nafukuzwa."

"Ungenipigia juzi! Simu umeiweka pambo?" Akamgeukia msimamizi. "Bosi, nipe saa moja. Nikishindwa, godoro nitalibeba mimi."

Alipanda kwenye trela, akafungua kichujio cha mafuta, akakikata kwa msumeno. Wote wakasogea. Hata dereva wa trela alizima injini aje kuona. Ndani mlijaa tope jeusi.

"Si unaona uchafu wa mafuta yenu?" msimamizi alisema.

"Huu ni wa miaka, bosi. Dizeli ya kawaida imeuacha umeganda tangini. Hii ya mimea inauosha, halafu unakuja kuziba hapa. Mkianza kuitumia, badilisheni kichujio mapema. Na kingine kiwe akiba."

Kisha akafungua koki chini ya tangi, akakinga chupa. Chini ya mafuta kikatulia kitu kingine, cheupe.

"Maji!" Taratibu alishangaa. "Yamepita wapi? Mfuniko mzima."

"Jioni mnaacha mafuta kiasi gani?"

"Kidogo tu. Hapa kila mashine inalala tupu, wezi wasinyonye." Alisema kwa fahari kabisa.

Fundi akacheka mpaka akashika minyororo. "Mwizi mmemkomesha, maji mmeyatandikia kitanda! Hewa ya tangi tupu ikipoa usiku inaacha matone, kama kwenye kifuniko cha sufuria. Na dizeli hii inashika maji kuliko ile ya zamani. Jazeni jioni, tieni kufuli. Asubuhi, kabla ya kuwasha, fungueni koki maji yatoke."

"Na mafuta ya kupikia, tukiyachuja vizuri?" dereva wa trela aliuliza.

"Hayo yaache jikoni, baba. Yataua injini. Hii ni dizeli ya kiwandani. Anzeni na sehemu moja kwa nne za kawaida, na kwanza someni kitabu cha mashine kama kinaruhusu."

Aliyaacha mafuta yatoke mpaka yakawa safi. Akafunga kichujio kipya, akapampu kwa mkono hadi mapovu ya hewa yakaisha.

"Haya, shemeji. Washa."

Tingatinga likakohoa, likanguruma. Msimamizi akaamuru minyororo ifunguliwe. Taratibu akalishusha mwenyewe, polepole.

Barabara waliyokuwa wakijenga ilimalizika baada ya miezi mitano. Kichujio kilibadilishwa mara mbili wiki za mwanzo, baadaye kwa ratiba yake. Msimamizi alinunua kufuli za mashine zote, kisha akahamishwa. Dereva wa trela alirudi bila mzigo siku ile ile. Fundi huja kila mwezi. Taratibu bado anaendesha tingatinga. Godoro liko kibandani, limetandikwa.