Ngazi ya Nyumba ya Oldeani

Rafiki yangu Bonifasi, karani wa shamba la kahawa kule Oldeani, alitumwa kukagua nyumba ya mlowezi. Kahawa ilipomlipa, mzungu yule aliijenga ya ghorofa. Shamba lilipotaifishwa, kamati yake mpya ikaibomoa ghorofa, ikisema ni kasumba ya kikoloni. Ngazi ikasahauliwa, ikabaki inapanda hadi kugonga mabati.

"Ukimkuta marehemu mwenyewe, ndugu, mkumbushe nyumba imetaifishwa," mwenyekiti alimtania.

Alipoingia tu, mlango ukajifunga nyuma yake. Giza tupu, maana madirisha yalipigwa mbao. Akavuta kitasa, wapi! Ndipo viatu vikaanza kushuka ngazi, taratibu, kutoka huko juu kusikobaki kitu. Akavuta kwa mikono miwili. Viatu vikafika sakafuni, vikasimama mgongoni pake.

"Hodi," sauti ikanong'ona.

Na Bonifasi, kwa malezi aliyolelewa, akajisikia akiitika: "Karibu."