Goti la Wilf Ogden

Doreen Haslam alimkanyaga Wilf Ogden kidole kwenye foleni ya samaki na chipsi, Jumamosi jioni, mji mzima umetoka kwenye mechi ya raga. Doreen alivaa koti la kijani, na nyuzi za pamba za kiwandani bado zimemganda nyweleni.

"Samahani, sikukuona."

"Hukuniona? Watu elfu kumi wamelipa kuniona leo!"

"Mimi nilikuwa nawaangalia wenzako. Si ndio waliofunga?"

Wilf akacheka mpaka akamwaga siki ya kunyunyizia chipsi. Kufikia Krismasi walikuwa wachumba, Wilf mchimba makaa ya mawe siku za kazi na mchezaji raga Jumamosi, na Doreen akimpenda hadi anajicheka mwenyewe.

Mwezi Machi Wilf aliumia goti. Daktari wa timu alimkagua kando ya uwanja, kisha akageuka kuzungumza na mwenyekiti wa klabu. Kule jukwaani hakuna aliyesikia neno, lakini Doreen alikuwa mfumaji wa kiwanda cha nguo. Kiwandani mitambo hunguruma kiasi kwamba wafumaji wote husomana midomo, na yeye aliingia kazini ana miaka kumi na minne.

"Goti limekwisha," midomo ya daktari ilisema. "Akicheza tena atalemaa."

"Mchome sindano ya ganzi acheze nusu fainali," mwenyekiti akajibu. "Asijue."

Jioni ile Doreen akapiga simu baa wanakokunywa wachezaji.

"Mpenzi, usicheze. Nimewasoma midomo daktari na mwenyekiti: goti limekwisha."

"Daktari kaniambia nimeteguka tu. Tangu lini unaionea raga wivu?"

"Wivu! Naulilia mguu wako, bwege wewe!"

"Basi Jumamosi usije." Akakata simu.

Doreen alikwenda hata hivyo. Dakika ya ishirini Wilf alianguka bila kuguswa na mtu. Doreen akapiga ukelele pamoja na maelfu, kwa kuwa hakuna kingine alichoweza.

Hospitalini Wilf aligeukia ukuta. "Uliniambia, nami nikakutolea maneno. Mguu huu hauendi tena uwanjani, wala mgodini. Nenda zako, Doreen. Tafuta mwanamume mzima."

Doreen angewararua daktari na mwenyekiti, lakini goti lisingepona. Akavuta kiti, akaushika mkono wake.

"Kutoka madhabahuni hadi mlango wa kanisa, ni hatua ngapi?"

"Sijui. Thelathini?"

"Utaziweza?"

Wilf akamgeukia, macho yamejaa machozi. "Kwa kuchechemea."

"Basi tutachechemea wote."