Kioo cha Vinyozi Wawili

Kinyozi na shemeji yake walifanya kazi katika chumba kimoja. Ndani mlikuwa na viti viwili, mashine mbili, ndoo ya maji na kopo la poda. Ukutani palikuwa na kioo kimoja kirefu, kutoka mlangoni mpaka dirishani. Walikinunua pamoja mwaka ule Kinyozi alipomwoa dada yake Shemeji.

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya wateja kufika, walinyoana. Kinyozi alimnyoa Shemeji ndevu. Kisha Shemeji alimnyoa Kinyozi. Miaka tisa walifanya hivyo, huku wakitaniana.

Ukafika uchaguzi wa mbunge. Kinyozi alimpenda mgombea aliyeitwa Injinia. Injinia alijua mambo yake. Angekuambia kila mtaro unaanzia wapi, na kwa nini unafurika. Shemeji alimpenda mgombea mwingine. Walibishana, wakacheka, wakaenda kupiga kura pamoja.

Injinia akashindwa.

Siku ya pili alizungumza redioni. Sauti yake ilitetemeka.

"Nimeibiwa!" alisema. "Ukikaa na mtu wa upande ule, umekaa na mwizi!"

Maneno yale yangebaki redioni, mimi nisingekuwa na hadithi. Lakini Kinyozi aliyabeba mpaka kazini.

"Hujambo, mwizi?" alimwambia Shemeji.

Shemeji alianza kucheka. Alipomtazama Kinyozi usoni, akaona si utani. Akageukia kichwa cha mteja wake, akaendelea kunyoa.

Jumamosi ile hawakunyoana. Kinyozi alijinyoa mwenyewe, akajikata shavuni. Alirudi nyumbani mchana, akamkuta mkewe anafua taulo za kazini.

"Taulo zangu usizichanganye na za ndugu yako," alisema.

"Taulo hazina chama," mkewe alijibu. "Na hilo shavu vipi?"

"Wembe umeteleza."

"Kinyozi hajinyoi, wahenga wamesema. Wewe umeamua kubishana hata na wahenga!"

Kinyozi hakucheka. "Nimemwita fundi wa vioo," alisema. "Jumatatu asubuhi anakuja kukata kile kioo. Kila mtu achukue nusu yake. Mimi nahama."

Mkewe aliacha kufua.

"Yule ni ndugu yangu, tumbo moja," alisema. "Wewe ni mume wangu. Sasa mimi nikae nusu ipi?"

Machozi yakamtoka. Alijifuta kwa taulo mbichi, akaenda kumwita jirani.

Jirani huyo walimwita Bi Karani. Kazi yake ilikuwa kuandika vyeti vya kuzaliwa. Wakati wa uchaguzi, alisimamia kuhesabu kura katika kituo kimoja, ndani ya darasa la shule.

"Habari za hapa?" aliuliza.

"Nzuri, Bi Karani."

"Nzuri, na shavu hilo?" Akavuta kigoda, akakaa. "Haya. Wewe uliona kura zikiibiwa?"

"Mimi sikuona. Injinia amesema."

"Mimi nitakuambia nilichokiona. Kila kura niliinyanyua juu. Mawakala wa pande zote waliitazama. Tulipomaliza, waliweka sahihi kwenye fomu. Wakala wa Injinia alisaini mbele yangu, nikampa nakala yake. Nyingine nikaibandika mlangoni."

"Kwa hiyo hakuna wizi?"

"Kituo changu nakijua. Vingine sikuwepo. Huenda mahali kuna kosa. Basi zikusanywe fomu, zilinganishwe. Kosa likionekana, lipelekwe mahakamani mapema, maana kuna muda wake. Njia ipo."

Kinyozi aliinamisha kichwa. "Basi Injinia ni mwongo? Nilimpigia kura mjinga?"

"Taratibu, baba. Sijasema hivyo. Mtu amejitolea, amezunguka juani miezi mitatu, halafu ameshindwa. Nani asingeumia? Tumpime, lakini tusimwonee. Mteja akiingia kwako, unaangalia nini?"

"Naangalia kichwa chake kilivyo. Halafu naangalia kama anatulia. Asiyetulia atakatwa tu."

"Basi na Injinia hivyohivyo. Kichwa chake kikoje?"

"Kizuri!" Kinyozi alisema kwa haraka. "Ukimuuliza habari ya mtaro, anakujibu mpaka unatosheka."

"Kweli. Hata mimi nilimsikia, akili anayo. Kushindwa hakujaiondoa. Je, anatulia akiguswa?"

Kinyozi alifikiri kidogo. "Hapo bado."

"Kiongozi ataguswa kila siku. Watu watamkatalia, magazeti yatamsema. Asipotulia, wanaokatwa ni sisi. Lakini kuna jambo jingine, nalo ni maneno yake. Ukitaka kuyapima, usisikilize makofi. Angalia watu wakishayasikia wanakwenda kufanya nini."

Kinyozi alitazama taulo kwenye beseni. Akamtazama mkewe, macho yake mekundu.

"Mimi niliyasikia," alisema polepole, "nikaenda kumwita fundi wa vioo."

Bi Karani hakuongeza neno. Alijua kunyamaza, na hilo si jambo dogo kwa jirani.

Jumapili Injinia aliita wafuasi wake kwenye ukumbi. Kinyozi alikwenda. Injinia aliposema tena habari ya wezi, Kinyozi alinyoosha mkono.

"Mheshimiwa, mimi nilikupigia kura. Naomba kuuliza. Ni vituo gani vimeibiwa? Fomu za mawakala wetu zinasemaje?"

Ukumbi mzima ukageuka.

"Nani amekutuma?" Injinia alifoka.

"Sikutumwa. Nimekuja na swali langu."

Wengine walimzomea. Lakini mama mmoja wa nyuma akasema, "Mwacheni! Hata mimi nataka kujua."

Injinia alionekana hajalala siku nyingi.

"Fomu sijaziangalia zote," alisema mwishowe. Sauti ilikuwa ndogo.

Kinyozi alimwonea huruma. "Basi tuziangalie, Mheshimiwa," alisema. "Tutakusaidia kuzikusanya. Lakini majirani zetu tusiwaite wezi."

Injinia alichukua kalamu, akaanza kuwauliza mawakala wake majina ya vituo.

Nyumbani mkewe alimuuliza, "Utampigia kura tena?"

"Akili namhesabia," Kinyozi alisema. "Leo nimemwona akijaribu kutulia, na hilo namhesabia pia, nusu. Ulimi wake bado nautazama. Miaka mitano si michache."

Jumatatu Kinyozi aliwahi kazini. Shemeji alimkuta ameketi. Hakuketi kwenye kiti chake. Alikuwa kwenye kiti cha Shemeji, amejifunga kitambaa shingoni.

"Ninyoe," alisema.

Shemeji alisimama mlangoni. "Unampa mwizi wembe?"

"Nilikutukana, shemeji yangu. Neno lilikuwa la mtu mwingine, lakini mdomo ulikuwa wangu. Nisamehe."

Shemeji aliingia polepole. Miaka tisa, kisha kuitwa mwizi mbele ya mteja! Iliuma, na bado ilikuwa inauma. Lakini alichovya brashi majini, akakoroga sabuni, akampaka Kinyozi mashavu yote mawili. Alipofika kwenye kidonda, akapapasa kidogo.

"Nani kakunyoa hivi?" aliuliza. "Huyu afungiwe kazi."

Kinyozi alicheka mpaka povu likamwingia puani.

"Tulia!" Shemeji alisema. "Asiyetulia hukatwa."

Kinyozi akatulia. Akalaza kichwa nyuma, akafumba macho. Wembe ulishuka shingoni taratibu.

Hapo fundi wa vioo akaingia na rula yake na kisu cha kukatia.

"Habari za asubuhi? Nimekuja kwa kile kioo. Nikate wapi?"

Kinyozi hakuweza kujibu, wembe ulikuwa kooni. Shemeji alimtazama fundi kwenye kioo kirefu, na hizo ndevu zake za wiki mbili.

"Weka kisu chini, ndugu," alisema. "Kaa kiti kile. Nikimaliza huyu, yeye atakunyoa wewe."