Tundu la Kushoto

Sindano ikitoboa karatasi iliyokunjwa, imetoboa pande zote mbili. Hilo halihitaji shule. Sasa niambie: Fundi Behzat wa Bursa, bingwa wa maandishi ya kioo, yale ambayo nusu moja ni sura ya nyingine kama kwenye kioo, herufi zake kubwa mbili zinatazamana kama majogoo, anakunjua dukani kwake karatasi aliyoitoboa kwa sindano kuchora herufi, baada ya alasiri, na upande wa kushoto una tundu moja zaidi!

"Nermin! Umegusa kazi yangu?"

"Nani aguse hayo matambara?" mkewe akacheka, glasi ya chai mkononi. "Sema macho yamezeeka, mume wangu."

Wewe ungeichoma ile karatasi. Behzat? Akaibandika ukutani aitazame vizuri. Mtu wa kazi ile havumilii upande mmoja uuzidi mwingine. Akatoboa tundu la kulia, zikalingana, akajisifu.

Tk.

Tundu jingine kushoto. Na nyuma ya karatasi ni ukuta wa mawe. Behzat akalinganisha. Tk. Akalinganisha. Harufu ya nywele zinazoungua ikajaa chumbani.

"Behzat, acha," Nermin alinong'ona. "Huoni unamjibu mtu?"

"Moja tu, zitoke sawa."

"Sawa na za nani?" Glasi ikamponyoka, akakimbia kumwita shangazi yake Sabiha, yule anayetoa majini kwa kumwaga risasi iliyoyeyushwa ndani ya maji.

Behzat akatoboa la mwisho.

Alipogeuka, chumba kilikuwa na milango miwili, mmoja kulia na mmoja kushoto, na majiko mawili, na glasi mbili zilizovunjika vipande vile vile, na nyuma ya kila mlango ngumi za Nermin zikigonga kwa pigo moja, na ile harufu ikitoka pande zote mbili, na kitu asichokiona kikipumua kila alipopumua, kikimsubiri achague.

"Behzat, fungua!" ililia milango yote miwili.

"Mwanangu," sauti ya Sabiha nayo ikaja kutoka pande mbili, chini chini, "upande wa majini maandishi yamegeuka. Soma kitu karibu na mlango. Chochote! Kikisomeka, toka hapo."

Akatazama kuta. Miaka ishirini ya kazi yake, yote ya kioo, kulia sawa na kushoto, hata yageuzwe hayabadiliki. Hata kalenda hakuwa nayo, eti inaharibu ukuta!

Akafumba macho, akatokea kulia.

Nermin akamdaka, akilia na kucheka. Risasi ikachachatika ndani ya bakuli. "Umetoka, mwanangu," Sabiha akasema. Behzat akaketi kwenye ngazi, akavuta harufu ya mkate wa jirani, akainua macho kwenye kibao cha duka lake.

Hakikusomeka. Herufi zote zilikuwa zimempa mgongo, ya mwisho imekaa mwanzo.

"Twende nyumbani," yule mwanamke alisema, akimkaza mkono.

Na mbali, upande wa pili wa chumba walichokwisha kukifunga, nyuma ya ile karatasi, Nermin wa kweli alikuwa bado anagonga.