Kurasa Kumi na Mbili za Mwisho

Siku ile Mtaa wa Biashara ulijaa, hata pa kutia mguu hapakuwa. Ilikuwa wiki ya harusi tatu, na kila mwanamke mjini alitaka leso zake leo hii, si kesho. Kanze alikuwa nyuma ya kaunta ndani ya dera lake la zambarau, mtandio umemteleza begani, anapima, anakata, anakunja. Kando ya mkasi wake palikuwa na riwaya yenye jalada la kijani, imechakaa pembe.

Mwanamume mmoja mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, akajipenyeza mpaka mbele na kuomba doti moja ya shangazi yake. Macho yake yakatua kwenye kile kitabu, leso akazisahau.

"Unakisoma wewe, dada?"

"Nimeshakimaliza," akasema Kanze.

Uongo mtupu. Alikuwa ukurasa wa arobaini. Kanze aliachia shule darasa la sita kule Kaloleni, na hadi leo husoma kwa kidole, neno baada ya neno, midomo ikimchezacheza. Mchumba wake wa zamani alimcheka kwa hilo mbele za watu, na tangu hapo hakusoma tena mtu akimwangalia. Nanyi msimcheke. Neno limeshamtoka, na anayesema amemaliza lazima aulizwe.

"Na mwisho wake umeuonaje?"

 Kadiri alivyofika, hadithi ilikuwa ya mke aliyeondoka nyumbani bila kuaga. Basi akabuni. Akasema mke anarudi asubuhi moja, anaingia kwa mlango wa jikoni, hasemi kitu, anateleka chai. Mume yuko chumbani, anasikia vikombe, anajua.

Yule mwanamume alikiinua kile kitabu, akakirudisha taratibu kando ya mkasi. Kisha akajitaja: Seth, karani wa bandarini. Akasema yumo katika kikao cha wasomaji nyumbani kwa Bi Ummukulthum, Ganjoni, na kwamba atafurahi mno akimwona huko.

Kanze alimjua Bi Ummukulthum. Ni mwalimu mstaafu, mteja wa duka, na ndiye aliyemwachia kile kitabu baada ya kumkuta akisoma gazeti la kufungia leso. Desturi ya kikao chake ilikuwa moja: Jumamosi alasiri kila mtu husema anasoma kitabu gani na anakionaje. Akikimaliza huandika maoni yake na jina kwenye karatasi iliyogundishwa nyuma ya jalada, kisha humpa amtakaye.

Kanze akaenda, akapanda ngazi zote tatu za ghorofa, akakaa kimya karibu na dirisha. Seth akamsindikiza dukani kwa miguu. Wiki iliyofuata wakatembea Kibarani, pale palipokuwa jaa la mji na sasa ni bustani, wakala mihogo ya kukaanga. Mwezi haukuisha, Seth akawa anapiga simu kila saa saba mchana.

"Mpenzi, leo unasoma nini?"

"Ninasoma jina lako kwenye simu."

"Hilo fupi. Utamaliza haraka."

Wakicheka hivyo, yeye Kanze alikuwa na kijasho chembamba. Simu ikilia moyo ulifurahi kwanza, halafu ukaogopa. Alijua siku moja Seth atamtia kitabu mkononi na kumwambia hebu nisomee hapa. Siku hiyo ataona kidole, ataona midomo, na atajua kwamba mwanamke aliyempenda kwa maneno ya siku ya kwanza alimdanganya siku hiyo hiyo.

Akaamua kukimbizana na kitabu. Alikisoma wakati wa chakula, nyuma ya majora ya vitambaa, miezi miwili. Na Bi Ummukulthum naye akatangaza: Jumamosi ijayo ni zamu ya Kanze kukizungumzia mbele ya wote.

Jumatano akafika ukurasa wa mia mbili na nane. Akageuza. Hapakuwa na kitu. Karatasi sita zilikuwa zimekatwa, zimekatwa vizuri kwa wembe au kwa mkasi.

 Akafungua karatasi ya maoni, akapitisha kidole. Tsofa, mmoja wa wasomaji wa kikao, aliandika kwamba mwisho ni mtamu. Mumo, nesi, aliandika kwamba mwisho ulimtoa machozi. Maana yake kurasa zilikuwepo walipokisoma wao. Zimekatwa kikiwa kwake, kwake yeye, ambaye toka asubuhi hadi jioni ana mkasi mkononi. Nani atamwamini? Mwongo, tena mharibifu wa vitabu vya watu.

Akaacha kupokea simu. Ijumaa Seth akaja mwenyewe, na Kanze akajibanza nyuma ya majora kama mwizi. Awino, mwenzake wa dukani, akasema ametoka.

"Mwambie," sauti ya Seth ikasikika, nzito, "kama amepata mwingine, aniambie yeye mwenyewe. Nitaelewa."

Kanze akaung'ata mtandio asilie. Kuitwa mwongo aliweza kuvumilia, au alidhani ataweza. Lakini Seth aamini kwamba ameachwa kwa ajili ya mwanamume mwingine, hilo hapana.

Jumamosi alikaa kitini mbele ya watu wanane, kitabu mapajani. Seth alikuwa mkabala naye, hakumtazama.

"Sikukimaliza," akasema. "Nilimwambia Seth nimekimaliza, na sikuwa nimekimaliza. Mimi husoma polepole, kwa kidole. Nimefika mwisho Jumatano, na mwisho haupo. Umekatwa. Sikuukata mimi."

 Mumo ndiye aliyeinamisha kichwa kwanza. Akanong'ona kwamba yeye aliishia katikati, zamu za usiku zilimchosha, akaandika machozi kwa sababu Tsofa alikuwa ameandika utamu. Tsofa akajikuna shingo na kukiri alisoma jalada na sura mbili. Bi Ummukulthum akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Yeye pia alikipitisha tu bila kukisoma. Watu watatu, na hakuna hata mmoja aliyefika pale ambapo Kanze alifika kwa kidole.

Seth akasimama, akatoka nje hadi kwenye baraza ya ngazi. Kanze akamfuata.

"Niliukata mimi," akasema Seth.

Kitabu kilikuwa cha mama yake. Seth alikuwa akimsomea hospitalini kila alasiri, na zikabaki kurasa kumi na mbili mama akaaga dunia. Hakuweza kuzisoma peke yake, wala hakuweza kuzitupa. Alizikata, akakitoa kitabu kikaoni bila jina, na kila aliyesema amekimaliza alimuuliza mwisho. Wote walimwambia maneno matupu.

"Kwa hiyo ulinijua tangu dukani." Hasira ikampanda Kanze. "Miezi miwili unaniacha niogope?"

"Nilijua. Nikinyamaza ninakukosea, nikisema utakimbia. Na ule mwisho wako, Kanze, nilitaka uwe ndio wenyewe. Nisamehe."

Akatoa bahasha kutoka mfuko wa shati. Ilikuwa imegundishwa, haijafunguliwa.

"Ningependa uwe mke wangu. Lakini kwanza nisomee."

"Na kama mke harudi?"

"Hilo ndilo ninaloogopa mimi."

Wakakaa kwenye ngazi. Kanze akachana bahasha, akaziweka kurasa juu ya magoti. Akatazama mlango kama kuna mtu anayechungulia, halafu akamtazama Seth. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, midomo ikaanza kucheza. Akasoma maneno manne. La tano likamshinda, akarudi nyuma, akajaribu tena, uso ukimwaka moto.

Seth hakumsaidia, wala hakucheka. Alifumba macho, akangoja.